Mstari Wenye Kulabu

Jumatatu, saa kumi kasorobo, fundi wa kamera ambaye wenzake walimwita Mkono wa Pamba alikuwa amebakiza kazi moja mezani. Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi. Kamera ya mpiga picha mmoja mwanamke, miezi minane tangu inunuliwe, sensa yake, kile kibamba cha ndani kinachopokea picha, imeingia vumbi. Waranti yake ilikuwa bado hai, na kusafisha sensa ni katika mambo ambayo karakana humfanyia mteja wa waranti bila maneno mengi. Fundi alikuwa ameshapiga picha ya ukuta mweupe, akaona madoa saba, akayachora kwenye karatasi ili ajue ya kutafuta. Akavua lenzi, akainamisha kamera mdomo chini, akaipuliza kwa pampu ya mpira. Madoa matano yakatoka. Mawili yakagoma.

Yanayogoma hufutwa kwa kijiti chenye kitambaa laini mwishoni, kilichodondoshewa tone moja la dawa. Kanuni ya kijiti aliiandika fundi mwenyewe, kwa mkono wake, na ilibandikwa ukutani mbele ya meza: kinakwenda mara moja, kinageuzwa, kinarudi mara moja, kinatupwa. Mafundi wawili waliotoka mikononi mwake na kwenda kufungua karakana zao waliondoka wakiijua hiyo kanuni kama majina yao. Lakini yeye alikuwa na tabia moja ambayo haikuandikwa popote. Ndoo ya taka ilikuwa mlangoni na goti lake la kulia lilikuwa likimsumbua, kwa hiyo kijiti kilichokwisha kazi alikipachika nyuma ya sikio, kama seremala na penseli yake, kikangoja mpaka atakaponyanyuka. Siku hiyo nyuma ya sikio palikuwa na kijiti kilichotoka kwenye kamera ya mpima barabara, mtu anayeshinda kutwa nzima kwenye kokoto.

Mkono ulikwenda sikioni badala ya kwenda kwenye pakiti.

Alisikia kabla hajaona. Kisauti kidogo, kama ukucha juu ya sahani. Mkono ukashtuka na kurudi nyuma. Alipoweka jicho kwenye lenzi ya kukuzia, aliuona mchubuko juu ya kioo chembamba kinachoikinga sensa: mstari ulionyooka, urefu wa punje ya mchele, na mwishoni, pale mkono uliposhtuka, umejikunja kama kulabu. Punje ya kokoto ilikuwa bado imelala kwenye mkunjo. Akaipuliza ikaruka, akakaa.

Fomu ya karakana ilikuwa na visanduku vitatu. Cha kwanza, kasoro ya kiwandani. Cha pili, uharibifu wa mteja. Cha tatu, ajali ya karakana. Kwa miaka ishirini na miwili kisanduku cha tatu hakijawahi kutiwa alama na mkono wake, na meneja aliwaelezea hilo wageni wote waliokuja kutembelea, huku akiwaonyesha fundi kwa kidole kama mtu anayeonyesha mnara. Juu ya fomu dada wa kaunta alikuwa amebana kijikaratasi: *Mteja anasema alijaribu kupuliza nyumbani kwa pampu ya mpira. Hakugusa.* Hakuna aliyemuuliza. Alilisema mwenyewe, kwa sababu aliona ni vizuri fundi ajue.

Fundi alikitazama kijikaratasi kile muda mrefu. Halafu akatia alama kisanduku cha pili, akaandika: *Mteja amekiri kujaribu kuisafisha sensa mwenyewe nyumbani.* Kila neno katika sentensi hiyo lilikuwa la kweli. Akanyanyuka, akaenda mlangoni, akatupa kijiti.

Jumatano mwenye kamera alikuja. Mtaani walimwita Mama Picha. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mkoba mkubwa, na aliyasoma maandishi ya fomu mara mbili bila kubadilika uso.

"Nilileta vumbi," alimwambia dada wa kaunta. "Narudishiwa mchubuko."

"Fomu inasema uliisafisha nyumbani, dada yangu. Hapo waranti inakufa."

"Fomu haina macho. Niitie aliyeona."

Fundi akatoka ndani akifuta mikono iliyokuwa mikavu.

"Shikamoo, fundi," alisema Mama Picha.

"Marahaba."

Neno lilimtoka kwa shida. Alikuwa akiitikia shikamoo kila siku ya Mungu na hajawahi kulihisi lina uzito.

"Mimi nilipuliza tu. Kwa pampu kama hiyo yenu. Sikusogeza hata pua."

"Wengi hudhani wamepuliza tu."

"Sijauliza wengi. Nakuuliza wewe. Ulipoifungua, uliukuta huo mchubuko?"

"Kilichoandikwa ndicho hicho."

Mama Picha akamtazama kidogo, kisha macho yake yakahamia pembeni.

"Una kijiti sikioni," alisema.

"Najua," alisema fundi.

Mama Picha akaandika barua makao makuu ya kampuni. Makao makuu hayakumjua Mama Picha wala kamera yake, yakafanya yanavyofanya siku zote: yakairudisha barua karakana, yakamwagiza fundi yule yule athibitishe kauli yake. Fundi akaithibitisha. Akatia sahihi mara ya pili, na safari hii mkono haukutetemeka hata kidogo, jambo lililomuumiza kuliko kama ungetetemeka. Jibu likaja kwa mteja, nakala kwa karakana: dai limekataliwa. Mteja anapewa siku tisini kuleta ushahidi mpya. Ushahidi unaokubalika ni kauli ya maandishi ya fundi wa karakana iliyoidhinishwa. Katika mji ule karakana iliyoidhinishwa ilikuwa moja, na fundi wake wa sensa alikuwa mmoja.

Mama Picha hakuwa na kamera nyingine. Aliendelea na hiyo hiyo: maharusi, wanafunzi, vitambulisho vya wafanyakazi. Katika kila picha, juu upande wa kushoto, palikuwa na mstari wenye kulabu. Usiku na mchana alikaa mbele ya kompyuta akiufuta, nukta kwa nukta, mpaka picha ikawa safi. Lakini kitu kikifutwa mahali kinahitaji pa kwenda, na mstari ulikwenda pale picha ilipopigiwa. Ukakaa hapo hewani, mwembamba, mgumu, wa rangi ya kijivu, bila kushikwa na chochote.

Wa kwanza ulionekana shule ya msingi, ambako alipiga picha ya darasa la sita. Ulikuwa mrefu kama mkono wa mtu mzima, juu kidogo ya safu ya nyuma. Watoto wakatundika masweta. Mwalimu mkuu akafunga kitambaa chekundu kwenye kulabu ili wageni warefu wasijigonge, na habari ikaishia hapo. Ukumbi wa harusi ukapata wake, mlinzi akautundikia mapambo. Bondeni, ambako Mama Picha alipiga picha ya maharusi wamesimama na shamba lote nyuma yao, mstari uliangukia mbali kule nyuma ukawa mrefu kama mti, na mbayuwayu walikaa juu yake wakijipanga. Kwa jumla watu waliridhika. Malalamiko yalikuwa kwamba mwingine umekaa juu mno, au uko mahali pasipo na matumizi.

Fundi alizipata habari hizo wakati wa chakula cha mchana, kutoka kwa dada wa kaunta.

"Zahanati wamepata mzuri sana," alisema dada, akichokonoa wali. "Umenyooka. Na mwishoni una kulabu."

Fundi akaweka kijiko chini.

"Kulabu imeelekea wapi?"

"Chini, kushoto. Kwa nini, unautaka?"

"Nauliza tu."

Kesho yake aliomba ruhusa akaenda zahanati, kwa kisingizio cha goti. Goti lilikuwa linauma kweli, lakini lilikuwa linauma tangu mwaka juzi. Muuguzi akamkalisha kwenye kiti, akaanza kumbonyeza. Fundi hakuwa anamsikiliza. Juu ya kitanda cha pili, chini ya dirisha, pale wauguzi walipopigwa picha za vitambulisho, mstari ulikuwa umetulia hewani, na kwenye kulabu ilining'inia chupa ya dripu ya mzee mmoja aliyelala.

"Hapa panauma?"

"Hapana."

"Na hapa?"

"Ndiyo," alisema fundi, ingawa muuguzi alikuwa hajamgusa.

Mtu huujua mwandiko wake. Aliona pale mkono ulipoanza kwa uhakika, ukaenda umenyooka kama ulivyokuwa umefundisha wengine kwenda, halafu pale ulipoogopa. Alinyanyuka, akasogea, akaugusa kwa kidole. Ulikuwa wa baridi. Kwenye mkunjo alihisi kitu kinakwaruza, kama punje ya kokoto.

"Usiuvute, baba," alisema muuguzi. "Una dripu ya mtu."

Akaomba radhi. Alirudi kazini na dawa ya kuchua.

Tangu hapo akawa anapita njia za kuzunguka. Ukumbi wa harusi hakupita tena mbele yake. Shule aliikwepa. Lakini mji ulikuwa mdogo na Mama Picha alikuwa na kazi nyingi, maana picha zake zilisifiwa kwa usafi, na kila wiki palikuwa na njia moja pungufu ya kupita. Nyumbani mke wake alimwona anachelewa, akadhani ni kazi.

Siku ya sabini na tisa tangu jibu la makao makuu, siku ambazo fundi alikuwa akizihesabu bila kupenda, mke wake alimwambia avae shati zuri. Binti yao mkubwa alikuwa amepata kazi nchi ya mbali, na bibi, yaani mama yake fundi, alikuwa amesema haachi mjukuu aondoke kabla hawajapiga picha ya pamoja.

"Nimempata mpiga picha," alisema mke wake, akiondoa vikombe juu ya kabati. "Wanasema picha zake hazina hata doa."

Fundi akafunga vifungo vya shati, akakosea kimoja, akafungua vyote, akaanza upya.

Mama Picha alipofika alivua viatu mlangoni, akamwamkia bibi kwanza, kisha akageuka.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba."

"Kumbe mnajuana," alisema mke wake.

"Alinitengenezea kamera," alisema Mama Picha.

Akaanza kuwapanga. Bibi kwenye kiti, binti mkubwa nyuma yake, wadogo wawili sakafuni, mama pembeni. Wote akawasogeza kulia, mpaka upande wa kushoto wa sebule ukabaki ukuta mtupu.

"Mbona unatusukumia upande mmoja kama mbuzi wa mnada?" aliuliza bibi.

"Kamera yangu ina mstari, bibi. Nauacha ukutani. Nikishaufuta kwenye picha utabaki hapo, mtatundika kalenda."

"Hilo jema. Ukuta huu haushiki msumari. Mwanangu ni fundi, lakini wa vitu vya watu."

Wakacheka. Fundi naye akacheka, akachelewa kidogo.

"Na ukimpitia mtu usoni?" aliuliza binti mkubwa.

"Unakaa usoni. Kuna mzee mmoja wa ghala la mbao, unao shavuni. Alisogeasogea wakati wa kupigwa picha. Anasema hauumi."

Mama Picha akasogea nyuma, akaweka jicho kwenye kamera. Fundi alikuwa amesimama mwisho wa safu ya watu, nyuma ya mke wake, mrefu kuliko wote. Wakati kidole cha Mama Picha kinashuka, fundi akapiga hatua moja kushoto, akaingia kwenye sehemu tupu.

Mama Picha akainua kichwa.

"Fundi, hapo utakupitia."

"Acha tu. Piga."

"Rudi ulipokuwa."

"Piga, mama. Mimi nimeridhika."

Mama Picha akashusha kamera mpaka kifuani. Hakuwa na hasira. Alizungumza taratibu, kama anayemwelekeza mteja mahali pa kulipia.

"Mimi sikuomba uso wako, fundi. Niliomba sensa."

Mke wake fundi aligeuza shingo, akamtazama mumewe, akamtazama mgeni, akageukia tena mbele. Wadogo sakafuni waliendelea kutabasamu kwa sababu walikuwa wameambiwa wasiache. Palikuwa na nafasi ya kusema neno moja, na fundi aliiona nafasi hiyo wazi kabisa, kama mtu anavyouona mlango. Akajikohoza. Akanyoosha ukosi wa shati.

"Pigeni basi," alisema bibi. "Mgongo unaniuma."

Mama Picha akapiga.

Mama Picha alipokwisha kuondoka, mke wa fundi alikuwa anarudisha vikombe juu ya kabati, kimoja kimoja.

"Sensa gani aliyoiomba?"

"Mambo ya kazini."

"Ya kazini," alisema mke wake. Akamaliza vikombe. Hakuuliza tena, siku hiyo wala siku nyingine.

Mstari ulimfika Alhamisi asubuhi, akiwa ananyoa. Ulianzia juu ya nyusi, ukashuka pembeni ya pua, ukapita shavu, na kulabu ikatulia kwenye kona ya mdomo. Mzee wa ghala la mbao alikuwa amesema kweli, hauumi. Mke wake alisimama mlangoni na taulo.

"Ukinyoa, pitisha wembe pembeni," alimwambia. "Usije ukauharibu."

Bibi alimshika kidevu, akamgeuza kwenye mwanga. "Umekukaa vizuri," alisema. "Kama kovu la mwanamume aliyepigana." Fundi akashukuru. Alikuwa hajapigana na mtu tangu shule.

Kazini hakuna aliyeuliza. Wateja walimheshimu zaidi. Dada wa kaunta, siku za msongamano, alianza kumtundikia ufunguo wa kabati kwenye kulabu ya mdomo ili asiupoteze, na fundi alitembea nao hivyo hivyo mpaka jioni, akizungumza kwa upande mmoja.

Siku ya themanini na tisa alichukua karatasi, akaandika mistari mitatu. *Kamera hii ililetwa na vumbi. Mchubuko niliufanya mimi, kwa kijiti kilichotumika. Mteja hana kosa.* Akaisoma. Hakuna neno lililozidi. Akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa shati, akapiga moyo konde, akaenda kwa meneja.

Meneja alikuwa anapima fremu ukutani.

"Sema, Mkono wa Pamba."

Fundi alisimama mbele ya meza. Alifungua mdomo, na kulabu ikafunguka pamoja nao.

"Vijiti vya kusafishia vimekaribia kwisha," alisema.

"Chukua boksi jipya stoo. Chukua mawili. Wewe siyo mtu wa kubaniwa vijiti." Meneja akarudi kwenye fremu. "Na wiki ijayo uvae vizuri. Nataka picha ya karakana nzima, tumesimama nje, wewe katikati. Miaka ishirini na miwili bila kisanduku cha tatu, hilo si jambo la kukaa gizani. Nimemwita yule Mama Picha. Tulikuwa na ugomvi naye kidogo wa waranti, unakumbuka? Lakini kazi ni kazi. Picha zake ni safi."

"Ni safi," alisema fundi.

Akaenda stoo. Akachukua maboksi mawili. Akiwa njiani kurudi mezani alihisi mwili umekuwa mwepesi, kama mtu aliyesamehewa, na alipojua ni wepesi wa namna gani akaketi chini, akafungua boksi, akaanza kupanga vijiti ambavyo tayari vilikuwa vimepangwa. Siku ya tisini ilipita, ikiwa Ijumaa. Mvua ilinyesha mchana ikaacha.

Wiki iliyofuata Mama Picha alikuja na mkoba wake. Akawapanga mbele ya jengo, meneja kwenye ngazi, dada wa kaunta kulia, fundi katikati. Mlango ulikuwa nyuma yao, upande wa kushoto.

"Mnataka na mstari au bila?" aliuliza.

"Bila," alisema meneja. "Itoke safi."

"Haya. Fundi, sogea kulia kidogo."

Safari hii fundi akasogea.

Picha ilitoka nzuri, ikatiwa kwenye fremu, ikatundikwa mapokezi. Uso wa fundi tu ndio una mstari humo. Mama Picha aliuacha, akisema huo sasa ni wa mwenyewe, haufutiki. Ule mwingine ulikuja siku ya pili na kukaa mbele ya mlango wa karakana, zaidi ya urefu wa mtu, umelala mshazari, kulabu kwenye usawa wa kifua. Mtu mrefu huinama kuingia. Dada wa kaunta alitundika hapo kibao chao, upande mmoja kimeandikwa *Tumefungua*, upande mwingine *Tumefunga*, na kimefaa sana, kwa sababu zamani kilikuwa kikianguka kila upepo ukivuma.

Ndoo ya taka imesogezwa karibu na mguu wa fundi. Kijiti kinakwenda mara moja, kinarudi mara moja, kinatupwa. Kisanduku cha tatu bado ni cheupe. Ile karatasi haikutoka mfukoni. Jumamosi mke wake anapofua mashati huitoa, huiweka dirishani ikae kavu, na shati likikauka huirudisha kwenye mfuko ule ule bila kuikunjua.

Asubuhi fundi ndiye anayefika wa kwanza. Anafungua kufuli. Anainama, taratibu kwa sababu ya goti, anapita chini ya mstari, na kabla ya kuwasha taa anarudisha mkono nje na kukigeuza kibao.